Mchew! Golf imeshuka, Nyungwe haijashuka

Mchew! Jamani, mmeona? Golf GTI nyekundu imepita hapa gare ya Kamembe, imelala chini mpaka tairi za nyuma zimemezwa na madigadi. Wamotari wakaipigia honi kuishangilia. Kufika kwenye tuta, mwenyewe akasimama kabisa, akalivuka kimshazari, gurudumu moja moja, na bado tumbo likakwaruza, krrr, sote tukasikia. Gari la nguvu zile! Mungu wangu.

Msiniambie nina kijicho. Kijana kajinyima akanunua gari zuri, na kupenda gari lishuke kidogo likae vizuri barabarani si dhambi. Volkswagen wenyewe waliishusha GTI kidogo kuliko Golf ya kawaida kabla haijatoka kiwandani. Kinachoniuma ni kwamba alikwenda gereji fulani, wakamwambia springi za dukani ni ghali, wakachukua msumeno wakakata zile zile alizokuja nazo. Mzunguko mmoja na nusu. Aa! Nani alimdanganya mtoto wa watu?

Gari lile nimeliona likiwa juu ya jeki, basi niwaambie nilichokiona. Gurudumu lilipoachwa lining'inie, springi ilikuwa inacheza ndani ya kikombe chake. Ukiishika kwa vidole viwili inazunguka. Springi ya kiwandani ncha yake imeundwa ikalie kikombe ipasavyo, na hata gurudumu likishuka mpaka mwisho bado imebanwa. Ukishakata, ncha inabaki kali, haina pa kukaa. Siku gurudumu moja litakapoingia shimoni kwa kasi, springi inaweza kuhama mahali pake, na likirudi juu hujui itakalia wapi. Wengine hawakati, wanaichoma kwa gesi mpaka inalegea na kujikalia. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma cha springi kinapata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo maalumu. Ukikichoma ovyo umekiua.

Kuna na hesabu. Springi ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi, ukatoa mmoja na nusu, inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja. Sasa shokapu yake ni ile ile ya zamani, iliyopangwa itulize springi laini. Ndiyo maana Golf ile inadundadunda ikipita kwenye mawe ya mitaani. Springi inasukuma, shokapu haina nguvu ya kuishika, na tairi linagusa njia, linaachia, linagusa, linaachia. Tairi lililoachia njia halifungi breki wala halikati kona, hata kama injini ina farasi mia mbili.

Halafu fikirini anaishi wapi. Huyu hakai kwenye nchi tambarare. Kutoka Bugarama, ambako mto Rusizi uko kama mita 950 juu ya bahari, kwenda msitu wa Nyungwe kwenye zaidi ya mita 2,400, ni kupanda na kona, kona na kupanda. Malori ya saruji yanatoka Bugarama yamejaa. Ndani ya msitu, kuanzia Gisakura hadi Kitabi, kuna ukungu, mvua na majani yaliyolala kwenye lami, na kona zinazojifunga ukiwa katikati yake. Hapo ndipo nataka mnielewe. Tuseme gari lilikuwa na sentimita nane za kupanda kabla ya kugonga ile raba inayozuia chuma kisikutane na chuma. Umelishusha tano, zimebaki tatu. Umebeba mama, shangazi na mifuko ya mchele wa Bugarama, zimebaki mbili, labda moja. Unaingia kona, bodi inalalia upande wa nje, raba inagongwa, na kuanzia hapo huna springi tena. Gurudumu lile linakuwa gumu ghafla na tairi linateleza. Ikiwa ni la mbele, usukani unakata lakini gari linaenda moja kwa moja kwenye mtaro. Ikiwa ni la nyuma, mkia unatangulia. Na shangazi yumo ndani! Mchew.

Kuna mmoja hapa ataniambia magari ya mashindano yako chini. Ndiyo, yapo. Lakini mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Subaru Impreza, na miezi miwili baadaye akashinda kule Corsica, Ufaransa, na Impreza pia. Dereva ni yule yule, gari la aina ile ile. Kenya lilikuwa limenyanyuliwa, na shokapu zake zilikuwa na mwendo mrefu wa kumeza mashimo. Corsica, kwenye lami na kona za mlimani, lilikuwa limelazwa. Timu yake ilianza kwa kuuliza gari linakwenda njia gani, ndipo ikachagua springi. Kijana wetu alianza na picha kwenye simu.

Na njia yetu ni ya namna gani? Lami ya Nyungwe ni kama Corsica siku ambayo haina mvua, nakubali. Ila anayeishi Kamembe anatoka kwake kwenye mawe, anavuka mtaro kwa kibao cha zege, anapanda mwinuko, ndipo anafika lami. Kwa hiyo neno langu ni hili: milimita 20, ukizidi sana 30, na iwe kwa springi zilizotengenezwa kwa gari hilo hilo. Eibach wapo, H&R wapo, wote Wajerumani, na springi zao huja na namba inayosema ni za gari gani na uzito gani kwenye ekseli ya mbele. Someni ile namba. Golf ya dizeli na GTI hazina uzito sawa puani, na springi ya moja inaweza kuikalia nyingine vibaya.

Wengine wanadhani gari likizidi kuwa chini ndivyo linavyopunguza kulala kwenye kona. Si hivyo. Ule mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele umepangwa kwa kimo fulani. Ukishusha gari kupita kiasi, ncha yake ya gurudumuni inapanda juu kuliko ya bodi. Hapo kitovu ambacho bodi inazungukia ikilala kinashuka zaidi kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka, na kona inapata nguvu zaidi ya kuilaza. Umelipa pesa ili gari lilale! Springi zikiwa ngumu hutaliona, lakini tairi zinaliona.

Ningekuwa kaka yake ningemkamata mkono nimwambie, mdogo wangu, anza na shokapu. Hapa mpakani mtaniambia amotiseri, sawa, ni kitu kile kile. Chungulia nyuma ya gurudumu: ukiona mafuta yanatambaa kwenye mwili wa shokapu, imekufa. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha achia. Likipanda na kutulia, sawa, likicheza tena na tena, imekufa. Nunua mpya, Bilstein au Kayaba ya kweli, mbili mbili kwa ekseli, zenye mwendo mfupi ikiwa unashusha. Badilisha bushi na boljointi zilizochoka, ambazo ndizo zinazofanya usukani uwe na hewa. Weka tairi nzuri. Ukimaliza hayo endesha mpaka Kitabi na kurudi, na ninaamini nusu ya hamu ya kushusha itakuwa imekwisha, kwa sababu gari litakuwa limekwisha kuwa lingine.

Hamu ikibaki, weka springi zako za milimita 25 na Mungu akubariki. Nenda kapimiwe upya pembe za magurudumu, maana ukishusha zinahama, na bila kupima tairi zitaliwa upande wa ndani mpaka waya, mahali usipopaona ukisimama kando ya gari. Rekebisha na taa za mbele. Na siku ya kufunga, simama hapo hapo gereji. Fundi asikaze kabisa bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Azishike tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo akaze. La sivyo raba zitabaki zimejisokota saa zote hata gari likiwa limesimama, zitachanika mapema, na utarudi hapa kijiweni kutuambia kwamba springi za Kijerumani ni feki.