Sifa za Jamvi la Wageni

Mabingwa wamesifiwa vya kutosha. Kila mwaka NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Marekani na Kanada, inampata bingwa wake, na kila mwaka waandishi wanarudia maneno yale yale: moyo wa kujituma, mshikamano, nidhamu. Miaka kumi ikipita, shabiki wa kawaida hakumbuki tena nani alinyanyua kombe lipi. Lakini mguse mtu wa hoki umuulize timu mbovu kuliko zote, atakujibu kabla hujafunga mdomo: Washington Capitals, msimu wa 1974–75. Mechi 80, ushindi 8, sare 5, vipigo 67. Pointi 21 kati ya 160 zilizokuwa mezani. Nusu karne imepita na hakuna timu ya NHL iliyocheza msimu wa urefu ule ikaambulia pointi chache zaidi. Hiyo ndiyo rekodi. Kombe hata wewe ukijikaza unaweza kulichukua siku moja.

Sifa yao ya kwanza ni ukarimu. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona watu walioitekeleza methali hiyo kwa uaminifu kama Capitals. Mechi 37 za kwanza walizocheza ugenini walifungwa zote. Hata sare hawakudai. Mji wowote walikoshuka, wenyeji walipona: mshambuliaji mwenye ukame wa mabao aliipata mvua, kocha aliyekalia kuti kavu alipumua, kipa wa akiba alipewa nafasi ajaribu bahati yake. Kwa jumla waliruhusu magoli 446. Mechi ya hoki ni dakika 60, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: kila zikikaribia dakika 11, kile kisahani cheusi cha raba kilikuwa kimeshalala wavuni.

Nyumbani nako hawakuwa wachoyo. Mmiliki wao, Abe Pollin, alikuwa amejenga ukumbi mpya kule Landover, Maryland, uitwao Capital Centre, na humo akatundika skrini kubwa za kurudia matukio, kitu kigeni kabisa wakati ule. Shabiki wa Washington alilipa kiingilio kimoja akaona kila goli la kufungwa mara mbili. Katika ukumbi huohuo timu nyingine ya Pollin, Bullets ya mpira wa kikapu, ilishinda mechi 60 msimu ule na kufika fainali. Majirani wa namna hiyo husaidia. Bila Capitals, nani angejua Bullets ni wazuri kiasi gani?

Wapo watakaouliza kosa lilikuwa la nani. Hao hawajui raha ya kufungwa, ila niwajibu upesi. Mpaka mwaka 1967 NHL ilikuwa na timu 6 tu. Kufikia 1974 zilikuwa 18, na tangu 1972 kulikuwa na ligi nyingine hasimu, WHA, iliyokuwa ikichota wachezaji kwa fedha nono. Uji ulikuwa ule ule, maji yakaongezwa, na bakuli la mwisho akapewa Washington. Pollin alilipa dola milioni 6 za kuingia kwenye ligi. Kwa fedha hizo aliruhusiwa kuokota wachezaji ambao klabu nyingine hazikuona haja ya kuwaficha. Kansas City Scouts, walioingia mwaka huohuo kwa mlango huohuo, walishinda mechi 15 na kujiona matajiri.

Makocha walipita kama abiria. Jim Anderson aliongoza mechi 54, akashinda 4, akaonyeshwa mlango. Red Sullivan akashika usukani, naye hakufika mbali. Mwishowe Milt Schmidt, meneja mkuu, nyota wa zamani wa Boston, akashuka benchi mwenyewe.

Lakini shujaa wangu ni kipa Michel Belhumeur. Mechi zote 8 za ushindi zilikwenda kwa mwenzake, Ron Low. Belhumeur alipata vipigo 24, sare 3, ushindi sifuri. Usiku mmoja dhidi ya Chicago alipigiwa penalti mbili, moja na Stan Mikita, mtu ambaye makipa wengi hawakupenda kukutana naye hata barabarani. Akaokoa zote mbili. Ushindi haukuja vilevile. Kuna makipa wenye makombe manne ambao hawajawahi kuonyesha subira ya aina hiyo.

Na beki Bill Mikkelson je? Katika hoki kuna hesabu isiyo na huruma: timu zikiwa sawa kwa idadi, ukiwa uwanjani wenzako wakafunga unaongezewa moja, mkifungwa unapunguziwa moja. Mikkelson alimaliza msimu akiwa na hasi 82, kwa mechi 59 tu. Hakuna aliyemfikia tangu hapo. Binti yake, Meaghan, alivaa dhahabu ya Olimpiki ya hoki akiwa na Kanada mwaka 2010 na 2014, naye, kwa kulinganisha, ni mmoja tu kati ya wengi wenye medali hizo.

Machi 28, 1975, wakiwa Oakland, walipatwa na ajali: waliwafunga California Golden Seals 5–3. Ushindi wa ugenini! Chumba cha kubadilishia nguo kilivurugika. Wachezaji walichukua pipa la takataka, wakalitia saini, wakalinyanyua juu na kulizungusha chumba kizima kama Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL. Nakiri hapa sifa zangu zinakosa kejeli kidogo. Watu wazima, wamefungwa kuanzia Oktoba mpaka Machi, na bado wana nguvu za kubeba pipa.

Walijirekebisha haraka, mechi mbili za ugenini zilizobaki wakafungwa.

Basi sheria ya ligi ilisema anayeburuza mkia apewe nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi, kama pole. Capitals walikuwa na haki hiyo mkononi Juni 1975. Waliitoa kwa Philadelphia Flyers, waliokuwa wametwaa kombe mwezi uliotangulia na mwaka uliotangulia, wakapewa Bill Clement, mchezaji mwingine mmoja, na zamu ya Flyers katika uchaguzi huohuo, zamu ya mwisho ya raundi ya kwanza. Flyers walimchukua Mel Bridgman, ambaye baadaye akawa nahodha wao. Capitals walimpa Clement unahodha palepale. Msimu haujaisha, wakampeleka timu nyingine.