Weka Hilo Kopo la Majarini Chini

Hatua ya kwanza ni kurudisha kopo la majarini kabatini. Ndiyo, hilo ulilolishika. Umeombwa keki isiyo na maziwa, ukaona neno siagi halipo, ukajua mambo yamekwisha. Hebu geuza kopo usome viambato: baadhi ya majarini zina unga wa maziwa. Mtu mzima ambaye maziwa humvuruga tumbo kwa sababu ya laktosi atanguruma usiku kucha na asubuhi akusamehe. Mtoto mwenye mzio wa protini ya maziwa hana msamaha wa kukupa, maana hata kidogo tu kinaweza kumpeleka hospitali.

Hatua ya pili, kwenye pambo iache nazi. Hapa watu wa Pwani watanuna, na wanune. Huko kwenye baridi wanaweka tui zito kwenye friji usiku mzima, wanakwangua utando wa juu, wanaupiga unaumuka. Unapendeza kweli. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na alasiri ya Februari Dar es Salaam hupita 30. MC hajamaliza kutambulisha mashangazi, pambo lote limeshateremkia kwenye sinia. Nazi ina kazi ya heshima kwenye samaki wa kupaka, isisumbuliwe na mapambo.

Sasa tupambe. Chukua ute wa mayai 3, sukari nyeupe gramu 200, maji vijiko 3 vya chakula, nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu na chembe ya chumvi. Hiyo inatosha keki ndogo 12. Ute hauna mafuta, kwa hiyo hakuna cha kuyeyuka, na ndiyo maana aisingi hii ni nyepesi mdomoni.

Kila yai livunjie kwenye kikombe pembeni kwanza. Tone moja la kiini likiingia, mafuta yake yatazuia povu, nawe utapiga hadi mkono ufe ganzi. Bakuli liwe la chuma au kioo. Lile la plastiki lililowahi kukaa sambusa lina mafuta hata likiwa linang'aa, na hakuna sabuni ninayoiamini kwa hilo.

Tia vyote bakulini, kisha weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, maji yasiliguse. Piga kwa mashine bila kupumzika, dakika 7 hivi. Ukiacha kupiga ili ujibu simu, ute wa chini unaiva na utawapambia wageni kwa mayai ya kukaanga. Sugua kidogo kati ya vidole: ukisikia chembe za sukari, endelea. Ikisimama yenyewe kama kilemba, ipua, tia iliki ya unga au maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa, kisha piga hadi ipoe. Rangi zenye mafuta usiziguse. Paka siku hiyohiyo, na usiiweke kwenye friji, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu na pambo litatoa machozi.

Keki yenyewe nayo iwe ya mafuta ya kupikia, na tui badala ya maziwa. Kupamba vizuri keki yenye maziwa ni kumtega mgeni.

Na uulize kama mayai yanaruhusiwa, maana watoto wengine wana mizio yote miwili. Kwao chemsha dengu. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji ya mikunde iliyochemshwa huumuka kama ute. Maji hayo yapunguze motoni hadi yawe na utelezi, yapoe kabisa, kisha piga na ndimu, ukiongeza sukari kijiko kimoja kimoja. Mvuke hauhitajiki. Dengu ulizochemsha bila chumvi utazipika mchuzi, na ladha yake haitafika kwenye keki ukishatia iliki.