Sifa za Bwana Subiri

Wafalme wa Wawanga wana heshima yao, na makaburi yao yako papa hapa Matungu, Eshiembekho. Miwa nayo imeimbwa, ikalaaniwa, ikaimbwa tena. Leo namsifu asiye na kaburi wala wimbo: friji-gadi, kile kisanduku cha plastiki kinachokaa kati ya soketi na friji. Stima ikirudi, watoto wa soko zima wanashangilia. Yeye anawasha taa yake ya manjano na kunyamaza.

Wanaomchukia ni wengi, na hawajui anachozuia. Stima inapopotea, na huku kwetu radi ya alasiri haihitaji kisingizio, gesi ya friji hubaki imebanwa upande mmoja wa kompresa. Stima ikirudi papo hapo, mota hulazimika kusukumana na shinikizo hilo, hushindwa kuzunguka, hukwama. Ikikwama huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, hadi nyaya za ndani ziungue. Dawa ni dakika chache tu: gesi inajipenyeza kwenye kamrija kembamba, pande mbili zinalingana, mota inaamka bila kinyongo. Stima ikirudi, ikakatika, ikarudi, bwana huyu halalamiki. Anaanza kuhesabu tangu mwanzo. Uvumilivu wa namna hiyo sijauona hata kwa mkulima anayengoja malipo ya miwa.

Asidhani mtu kwamba hizi ni tabia za vitu vya bei rahisi. Ukoo wake umefika mbali. Ndani ya Linux, kiini kinachoendesha simu za Android mifukoni mwetu, viendeshi vya vifaa hufuata sheria hiyohiyo. Kifaa cha USB kilichoruhusiwa kulala hakilazwi mara kinapokosa kazi. Kwa kawaida hupewa sekunde 2 kwanza, maana kulazwa na kuamshwa kila mara kunaweza kula umeme mwingi kuliko kukesha. Kisha kuna kufuli, ili amri moja isije ikakiamsha kifaa wakati nyingine ndiyo kwanza inakilaza. Ipo kufuli moja kali kupita zote: anayeisubiri huzunguka papo hapo bila kuketi, na aliyeishika haruhusiwi kusinzia. Ningependa kuiona ikitumika katika baadhi ya ofisi za umma.

Google walipopeleka kufuli zao za kuzuia simu isilale, mwaka 2009, waandishi wa Linux walizikataa, wakabishana, wakapumzika, wakabishana upya. Mpango unaofanana nazo uliingia katika toleo la 3.5, mwaka 2012. Miaka mitatu ya kujadili namna ya kuchelewa kulala! Huo ni ukoo wenye adabu.

Wapinzani husema ucheleweshaji unaua biashara. Nimewaona wakimchomoa bwana huyu na kuchomeka friji moja kwa moja ukutani. Siku hiyo soda hupoa upesi, sikatai. Halafu siku moja fundi anaitwa, anatikisa kichwa, na friji inaanza kazi mpya ya kabati la mikate na daftari la madeni. Ni kabati zuri, panya hawaingii. Ila kwa bei ile, seremala angekutengenezea manne.

Kwa hiyo, msomaji, taa ya manjano ikiwaka, usimguse. Wala usimzime na kumwasha ukidhani unamharakisha: kila ukifanya hivyo, dakika ulizokwisha kungoja hazihesabiwi.