Kopo la Waingereza
Waingereza hawakosi msemo wa kuchelewa. Jambo likijikokota, linakwenda mwendo wa konokono. Wakubwa wakiliahirisha, wamelipiga kopo teke lisogee mbele. Ukinung'unika, unaambiwa Roma haikujengwa kwa siku moja. Sawa, lakini Roma ilijengwa!

Chukua mfano wa reli ya mwendokasi ya Waingereza hao, HS2: serikali iliipa baraka 2012. Treni zilitakiwa zifike Birmingham kutoka London 2026, kisha Manchester baadaye. Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza, akiwa kulekule Manchester, kwamba kipande cha kufika huko kimefutwa. Na ukumbi wenyewe aliosimama kusema hayo, jamani, zamani ulikuwa stesheni ya treni. Cha Birmingham nacho bado hakijabeba abiria hata mmoja.