Jinsi ya Kurudishwa Mpakani Bila Kuadhirika

Rafiki yangu wa International City hapa Dubai, wewe kuvuka mipaka umeshazoea. Asubuhi unatoka Ufaransa, unapita Uhispania kununua mkate, jioni unakula wali Moroko, na hakuna aliyekuuliza pasipoti. Mitaa ya hapa imepewa majina ya nchi za watu, na ukiishi humo muda mrefu unaanza kuona mpaka ni kitu cha kuvuka na ndala miguuni. Halafu Alhamisi moja mnajipakia wanne ndani ya gari la rafiki, safari ya Maskati, Oman, kwenye harusi. Kabla ya usiku wa manane mko njiani kurudi Dubai, redio imezimwa na hakuna anayesema neno.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya safari hiyo ya kurudi. Wa kukufundisha kuvuka ni wengi. Mimi nakufundisha kukataliwa ukabaki na heshima yako, kwa sababu aliyejiandaa kukataliwa ndiye aliyejiandaa kweli, na mtu huyo mara nyingi hupita.

1. Mnyime usukani "anayeijua njia"

Kila gari lina mmoja anayesema, "Njia hii mimi naijua hata nikifumba macho." Mpe kiti cha mbele, mpe na korosho za safari. Usukani usimpe. Njia anayoijua ni ile E44 inayopita mbele ya Dragon Mart na kunyooka kuelekea Hatta. Kwenye ramani inavutia. Lakini ukishapita Al Madam, kipande chake kinakatiza ardhi ya Oman, na kwenye kizuizi cha hapo asiye raia wa nchi za Ghuba hugeuzwa. Huko ndiko kukataliwa kwa hasara: hujaufikia mpaka, na mafuta yamekwenda.

Zunguka kwa njia ya Mleiha. Hatta ni sehemu ya Dubai, ila imekaa peke yake milimani, mbali na Dubai yenyewe, na kuifikia kunataka subira. Anayeijua njia atalalamika. Mwongezee korosho.

2. Gari liwe na mwenyewe, na mwenyewe ajulikane

Toa mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, usome jina. Kama si jina la dereva, mnahitaji barua ya mwenye gari inayosema ameridhia litoke nje ya Falme za Kiarabu. Gari la mkopo, omba barua ya benki. La kampuni, omba ya kampuni. La kukodi, waambie waliokukodisha kwamba unakwenda Oman kabla hujalipa, kwa sababu baadhi ya magari ya kukodi hayana ruhusa ya kutoka. Najua kuomba barua kunauma, hasa kama mtaani umeshawaambia watu gari ni lako. Barua haisomwi kwa sauti. Itie kwenye bahasha, mkabidhi askari kimya kimya, na sifa zako zitabaki palepale.

Kisha bima. Usidhani bima inayokutosha Dubai itakutosha Sohar. Uliza kama inafika Oman, na uliza kadi ya machungwa, ile ya mkataba wa bima ya magari uliowekwa na nchi za Kiarabu mjini Tunis mwaka 1975. Waliowahi kuendesha kutoka Nairobi kwenda Kampala watakumbuka kadi ya njano ya COMESA. Kazi ni ileile. Bima ya Oman huuzwa hata mpakani, lakini hapo utainunua kwa bei ya mtu mwenye haraka.

3. Gari moja, hatima nne

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na hufia sebuleni kabla gari halijawashwa. Kati yenu wanne kuna mwenye ukazi, kuna aliye kwenye viza ya kutembelea, kuna ambaye pasipoti yake imebakiza miezi minne wakati Oman inataka sita. Na kuna mmoja aliyewaambia wote kwamba kazi ameshapata na ukazi umeshatoka, na kwa kweli haujatoka.

Huyo wa mwisho usimwumbue. Jioni ya kuamkia safari, mpigie kila mtu simu peke yake. Mwambie, "Nisomee tarehe zilizo kwenye viza yako, nataka nijaze fomu." Akisita, mpe mlango wa kutokea: mwambie nyumbani kunahitaji mtu wa kubaki na funguo. Ataupokea kwa shukrani. Viza ya kuingia mara moja ni ya kuingia mara moja, na akitoka nayo kwenda harusini, kurudi kitandani kwake itakuwa shughuli nyingine kabisa, yenye viza mpya na gharama mpya. Aliyezidisha siku ana faini ya dirhamu 50 kwa kila siku, na itamsubiri palepale dirishani mbele ya rafiki zake wote.

Mwenye wasiwasi wa deni la benki au cheki aangalie mapema. Polisi wa Dubai wana huduma kwenye programu yao ya kutazama kama una kesi ya fedha. Ni afadhali kuisoma habari hiyo chumbani kwako kuliko kuisoma usoni mwa askari wa Hatta.

Viza ya Oman omba mtandaoni, kwenye tovuti ya Polisi wa Kifalme wa Oman, kisha ichapishe. Simu huisha chaji. Karatasi haiishi.

4. Foleni usiishinde, ikwepe

Ujanja wa kweli wa mpakani ni kalenda. Tangu Januari 2022 Falme hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikali hufanya kazi nusu siku. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Ukitoka Alhamisi jioni au Ijumaa mchana, umejiunga na kila mtu. Sikukuu za Idi ni zaidi. Na kuanzia Juni 21 hadi Septemba 21 ni msimu wa khareef kule Salala, milima inapogeuka kijani, na nusu ya Ghuba inataka kwenda kulowa mvua.

Toka Jumanne alfajiri. Kama huwezi, badili kituo: badala ya Hatta na Al Wajajah, kituo cha upande wa Oman, pitia Fujaira na Kalba uvukie Khatmat Malaha, kisha ufuate pwani hadi Sohar. Utaonekana fundi mbele ya abiria wako, nawe utakuwa fundi kweli.

5. Safisha mizigo na moyo

Miraa iache. Pande zote mbili ni dawa ya kulevya kisheria, na kusema "kwetu Meru ni zao la biashara" hakumsaidii mtu aliyeshikwa. Dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini ziache, au uzibebe na karatasi ya daktari baada ya kuulizia kibali chake. Usibebe kifurushi cha mtu ambaye hukumwona akikifunga, hata kama ni cha mama mmoja mzuri wa mtaa wa Uchina anayempelekea dadake.

Na ile noti unayoikunja ndani ya pasipoti, kwa mazoea ya huko tulikotoka, itoe sasa hivi. Kumhonga askari ni jela. Kuna watu waliokuja kutafuta maisha wakayapoteza kwa ukarimu wa namna hiyo. Huku chai ni ya kunywa tu.

6. Dirishani, kuwa mtu wa sentensi fupi

Zima redio. Teremsha vioo vyote. Usiku, washa taa ya ndani. Miwani ya jua ivue hata kama inakupendeza, na najua inakupendeza. Upande wa Falme utalipa dirhamu 35 kwa kila kichwa kutoka kwa barabara, kwa hiyo weka kadi yenye salio karibu.

Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu, "Maskati." Kwa nani? "Kwa shangazi." Siku ngapi? "Tatu." Basi. Usieleze shangazi alivyoolewa. Kila mmoja ajibu la kwake. Anayewajibia wenzake huwatia shaka wote.

Upande wa Oman, wakikupa kikaratasi chenye muhuri na idadi ya watu walio garini, kishike kama kilivyo. Ni kipande kidogo kisichovutia, kinafanana na risiti ya maegesho, na watu hukitupa kwenye mfuko wa mlango pamoja na maganda ya korosho. Kisha kwenye geti la mwisho askari ananyoosha mkono, na gari zima linaanza kupekua chini ya viti huku magari ya nyuma yakipiga honi. Mchague mtu mmoja, aliye makini kuliko wote, kwa kawaida ni dada aliyekaa nyuma ya dereva. Kazi yake hadi getini iwe hiyo tu.

7. Kiswahili kitumie kwa adabu

Usishangae mtu wa dirishani akikuitikia, "Karibuni, hamjambo?" kwa lafudhi ya Unguja. Baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Zanzibar, bara na Mombasa zilihamia Oman, na Kiswahili hakijatoka majumbani mwao hadi leo. Furahi. Itikia vizuri, na kama ni mtu mzima mwamkie, "Shikamoo mzee."

Kisha ishia hapo. Usimuulize kama anamjua babu yako wa Malindi, wala usitumie undugu wa lugha kuziba pengo la karatasi. Unamweka pabaya mtu aliyekupokea kwa wema. Na kwenye foleni usimsengenye askari yeyote kwa Kiswahili. Sasa unajua kwa nini.

8. Ukikataliwa, kataliwa vizuri

Imetokea. Pasipoti imerudi, kichwa kimetikiswa. Ipokee kwa mkono wa kulia, sema ahsante, na uliza swali moja tu: "Nilete nini ili nipite siku nyingine?" Liandike jibu palepale. Usibishe. Nyuma yako kuna watu wenye watoto. Kama umeshagongwa muhuri wa kutoka Falme, nenda moja kwa moja ofisi ile ile uliyotokea, waeleze umekataliwa upande wa pili, na usiondoke mpaka wamekuambia kumbukumbu yako imesomekaje.

Jambo jingine mkubaliane kabla ya safari: mmoja akikataliwa, gari linaendelea au linarudi? Mkiliamulia hapo kwenye geti la Al Wajajah, mnaupoteza urafiki. Mkiliamulia sebuleni, ni utaratibu.

Na Hatta iwe mpango wenu wa pili tangu mwanzo. Pana bwawa katikati ya milima, pana mitumbwi ya kukodi, pana vivuli. Pilau mliyoipika kwa safari ina wenyewe: ninyi. Mliorudishwa saa 4 asubuhi mnaweza kuwa mmekaa kando ya maji saa 6 mkila. Shangazi wa Maskati mpigieni kabla ya kula, na mumwambie ukweli wote, asije akasubiri na mlango wazi.

9. Sema sababu

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu akirudishwa, mtaani husema, "Mfumo ulikuwa chini," au, "Walikuwa wanawachagua watu." Hasemi kwamba mulkiya ilikuwa na jina la mwingine, wala kwamba viza ilikuwa ya kuingia mara moja. Kwa hiyo Alhamisi inayofuata, jirani wa ghorofa ya pili anakopa gari, anachukua likizo pekee aliyopewa mwaka huo, anakwenda kukwama penye tundu lile lile. Na huyo jirani huenda alikuwa anakwenda kuzika.

Aibu yako ni ya siku moja. Kimya chako kinaweza kumgharimu mwenzako mshahara wa mwezi. Kwa hiyo ukirudi, ingia kwenye kundi la simu la watu wa kwenu na uandike: kituo gani, siku gani, saa ngapi, karatasi gani ilikosekana, wamekuagiza ulete nini. Mistari mitano inatosha. Watakucheka kidogo jioni hiyo. Wiki ijayo wataanza kukupigia simu kabla hawajawasha gari, nawe utawaambia waanze na mulkiya.