Thakur Alimuua Gabbar, Muulizeni Mzee wa Kaseti

Msonyo alioupiga mzee Jumamosi iliyopita ulisikika hadi kwa mama chai, ng'ambo ya barabara. Mama aliacha mandazi kwenye mafuta akachungulia kuona nani kakanyagwa. Hakuna aliyekanyagwa. Kijana wa boda alikuwa amesema tu kwamba mwishoni mwa sinema ya Kihindi, Sholay, jambazi Gabbar Singh anakamatwa na polisi.

"Nkt! Polisi gani?" mzee akafoka. "Thakur alimuua. Kwa viatu vya misumari. Nilimwona kwa macho haya, Mwingi, kibandani kwa video, kiingilio shilingi tano."

"Mzee wangu, hiyo umeota. Mimi nimeitazama kwa simu juzi. Polisi wanafika, Thakur anaambiwa aache, anaacha."

"Kwa simu!" Msonyo wa pili.

Kwa asiyekijua kijiwe chetu: tuko hapa Tseikuru, chini ya mwarobaini, mbele ya duka la fundi wa simu. Vijiwe vingine hubishana siasa na Arsenal. Sisi pia tunabishana siasa na Arsenal, lakini tukichoka tunarudia ugonjwa wetu wa siku zote: sinema za zamani, ipi itatolewa upya, lini, na ikitoka itatufikiaje huku mwisho wa lami. Fundi hujaza muvi kwenye flashi, shilingi ishirini moja. Kijana wa boda ana simu na bando. Mzee ana kaseti za deki, sanduku la bati limejaa. Mimi nina mdomo.

Basi siku hiyo niliufunga, ingawa nilikuwa najua nani mkweli. Nilitaka kwanza niufaidi ugomvi.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa sawa. Sholay ilitoka Agosti 1975, Indira Gandhi akiwa ametangaza hali ya hatari Juni ya mwaka huohuo. Mwongozaji, Ramesh Sippy, alikuwa amepiga mwisho ambapo Thakur, aliyewahi kuwa polisi na aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, anamkanyaga adui yake mpaka anakufa. Wadhibiti wa filamu wakakataa. Wakasema mtu wa sheria hawezi kuonyeshwa akijichukulia sheria mkononi. Mikono yenyewe hana, lakini ndivyo ilivyoamuliwa. Ikabidi wapige mwisho mwingine, polisi wakatokea dakika ya mwisho kama kawaida yao, na huo ndio mwisho ambao watu wengi duniani waliujua kwa miaka 15. Halafu mwaka 1990 kaseti yenye mwisho wa kwanza ikatolewa Uingereza. Sasa niambie wewe: kaseti ya Kihindi ikitoka London ikatua Nairobi, inakaa siku ngapi kabla haijazaa watoto River Road? Na watoto wa River Road wanashindwaje kupanda basi la Mwingi?

Nilipoyasema haya mzee hakutabasamu hata kidogo. Alimgeukia tu kijana wa boda akamwambia, "Nunua chai."

Ugomvi haukuishia hapo. Mwezi Juni 2025, filamu ileile ilionyeshwa uwanjani kule Bologna, Italia, ikiwa imesafishwa upya na Film Heritage Foundation ya Mumbai, na Thakur anamuua Gabbar mbele ya umati. Desemba ikaingia kumbi za India hivyohivyo. Kwa hiyo swali la kijiwe sasa ni moja: diski lini? Kijana wa boda anasema kabla ya Diwali, maana Wahindi ni wafanyabiashara. Mimi nasema watangoja, wauze kwanza mtandaoni, wakamue, ndipo waweke kwenye sanduku zuri na kijitabu. Fundi anasema yeye atakuwa nayo wiki ijayo.

"Utaitoa wapi?"

"Usiniulize jikoni kwangu kunapikwaje."

Nkt. Tunazijua hizo za wiki ijayo. Mtu kaingia ukumbini na simu mfukoni, picha imelala upande, na katikati ya pigano anainuka baba mmoja kwenda chooni, kivuli chake kinamfunika Amitabh Bachchan, yaani Jai. Hapo ndipo Jai anakufa, nawe umeona mgongo wa baba. Tena kifo hicho ndicho kilichotuvunja moyo sisi tuliolelewa kwa sheria ya kibanda, kwamba staring hafi. Staring anapigwa, anatupwa mtoni, anarudi na kitambaa kichwani. Jai hakurudi. Kuna watu hapa Tseikuru bado hawajaisamehe India.

Usidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Marekani kuna kampuni inaitwa Criterion, inatoa diski za sinema za zamani na kuzipa namba ubavuni, na wanaozikusanya huogopa pengo kwenye namba kama mwanamke anavyoogopa pengo la jino. Mwaka mpya ukiingia, kampuni hutoa mchoro wa kuchekesha uliofichwa dalili za filamu zitakazokuja. Basi watu wazima, wenye kazi na nyumba, wanaukodolea macho: huyu bata maana yake nini, hii ngazi je. Susu, bibi yangu, angewaelewa mara moja. Hizo ni ndai, vitendawili vya jikoni usiku, tofauti ni kwamba ukishindwa kwa susu unatoa mji, na ukishinda kwa Criterion unatoa dola 39.95.

Nilimpigia fundi hesabu. Ni shilingi elfu tano na ushei. Ni mbuzi huyo, si mkubwa sana lakini anakula mwenyewe. Na ukishauza mbuzi, ukaagiza, ukalipia posta na ushuru, unaiweka diski kwenye mashine inakuambia haiwezi. Kwa nini? Kwa sababu walioitengeneza Blu-ray waliigawa dunia mafungu: Marekani ni A, sisi Afrika tumewekwa B pamoja na Ulaya, India ni C. Kwenye DVD za kawaida sisi tuko fungu la 5, ambamo India wamo nasi. Yaani kwa DVD Mhindi ni jirani yangu, kwa Blu-ray ni mgeni. Fundi alilicheka jambo hili mpaka akaangusha bisibisi. "Flashi," akasema, "haina kabila."

Hapo ana hoja, ingawa sitaki kumsifu mtu anayeuza jasho la watu kwa shilingi ishirini.

Afrika haikosi kabisa kwenye makabati ya Criterion. Msenegali Ousmane Sembène yumo: Black Girl ilitoka 2017, Mandabi 2021, nyingine tatu zikaja kwa pamoja 2024. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty imo. Sarah Maldoror na Sambizanga yake imo. Tangu 2017 kuna mradi wa Martin Scorsese na wenzake, pamoja na shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika na UNESCO, wa kuziokoa filamu za bara hili. Ukitazama orodha, unakwenda Dakar, unashuka Kameruni, unafika Angola, halafu unageuka kurudi. Huku kwetu gari halifiki. Sao Gamba alitengeneza Kolormask mwaka 1986. Anne Mungai akatengeneza Saikati 1992. Kila Januari mimi huziweka hizo mbili kwenye ubashiri wangu, na kila Januari kijana wa boda ananicheka. Nimezitafuta madukani Nairobi mpaka muuzaji mmoja akaniuliza Saikati ni sabuni ya aina gani.

Halafu kuna simba. Hapa ndipo kijiwe kizima husonya kwa pamoja.

Mbuga ya Kora si mbali nasi. Inapakana na hifadhi ya Mwingi, na hifadhi ya Mwingi ni ya huku kwetu, kaskazini mwa Kitui. Ndiko alikoishi George Adamson, Baba ya Simba, kwenye kambi aliyoiita Kampi ya Simba. Ndiko alikoletwa mwaka 1970 simba Christian, aliyenunuliwa Harrods, duka kubwa la London, kama mtu anavyonunua koti. Filamu yake ikatengenezwa 1971, na kile kipande ambacho simba anawakumbatia vijana wawili wenye nywele ndefu kikazunguka intaneti 2008 mpaka mama chai akaoneshwa akalia. Richard Harris naye alimwigiza Adamson mwaka 1999. Kila baada ya miaka kadhaa hadithi hii hutolewa upya kwa jalada jipya.

Sasa sikiliza. Mwaka huohuo wa 1971, simba mwingine wa kambi, Boy, aliyewahi kuigiza kwenye filamu ya Born Free, alimuua mfanyakazi wa Adamson, na Adamson mwenyewe akampiga simba risasi. Na Adamson alipouawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989, wafanyakazi wake wawili waliuawa naye. Hao nani anawajua kwa sura? Mimi siombi simba akumbatie watu kwa picha safi zaidi. Wakitaka nitoe mbuzi, waweke ndani ya sanduku lao nusu saa ya wazee wa Kora na Tseikuru wakisimulia kwa lugha yao ilikuwaje kuwa jirani ya simba waigizaji. Hiyo nitainunua hata ikiwa ya fungu Z.

Nilikuwa nimefika hapo, mate yananiruka, mzee akanikata. "Unaomba watu wa London wakuwekee sauti za wazee. Sauti iliyokuwa hapa umeiweka wapi?"

Tukamuuliza sauti gani.

Akasema kile kibanda cha Mwingi kilikuwa na mfasiri. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akimfanya Gabbar aongee Kikamba, tena Kikamba cha Kyuso, na Basanti, yule binti wa mkokoteni, akimpayukia farasi wake kama mama wa sokoni anayemkimbiza mbuzi kwenye nyanya. Siku hizi kila mtu anamjua DJ Afro kwa kazi hiyo, lakini kila mji mdogo ulikuwa na wake, na wengi walisema, wakanywa soda, wakaenda nyumbani, sauti ikaisha. Huyu wa Mwingi alikuwa tofauti kidogo: mwenye kibanda aliunganisha maikrofoni na deki akarekodi. Mzee alizinunua kaseti hizo kibanda kilipofungwa. Sholay ni ndefu, dakika 204, kwa hiyo ilikuwa kaseti mbili.

"Ziko wapi?"

Kimya. Kisha msonyo, wa chini chini, wa kujisonya mwenyewe.

Kaseti ya kwanza iko sandukuni. Ya pili, yenye kifo cha Jai na mwisho wa Gabbar, wajukuu waliichukua msimu wa mvua za vuli wakaipeleka shambani kufukuza ndege kwenye mawele. Deki ilikuwa imekufa zamani, na huwezi kwenda dukani kununua mpya: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, iliacha Julai 2016. Mtoto anaona plastiki nyeusi yenye utepe ndani. Utamlaumu?

Jumapili tulikwenda kuangalia, fundi, mimi na kijana wa boda. Mawele yamevunwa, mabua yamesimama makavu. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye vijiti kwa kamba ya katani, kutoka kona hadi kona, na upepo ulipopita uliimba, mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Kaseti moja ina zaidi ya mita 240. Tulikuta kama thuluthi. Fundi aliushika kwa vidole viwili akaugeuza juani: upande mmoja bado una ule ukahawia wake, upande wa pili jua limeula hadi umekuwa rangi ya majivu. Mahali pengine umejisokota ukawa uzi. Aliuzungusha polepole kwenye kipande cha bua, akiufuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, bila kusema bei. Kijana wa boda, aliyecheka Jumamosi nzima, ndiye aliyepanda mchongoma kuufungua uliokuwa umenasa juu, akashuka na damu mkononi.

Hautachezeka. Fundi ametuambia hivyo na mimi namwamini, kwa mara ya kwanza. Lakini ile kaseti ya kwanza amepata deki Mwingi inayoimeza bila kuitafuna, na juzi tulimsikia Gabbar akiongea Kikamba kwa dakika kumi kabla stima haijapotea. Mama chai aliacha wateja.

Kwa hiyo tangazo hili ni la yeyote aliyewahi kuwa na kibanda, au kununua kaseti za kibanda, kuanzia Mwingi hadi Kyuso hadi huku kwetu. Ukiwa na kaseti iliyotafsiriwa, hata kama hujui ni ya sinema gani, hata kama jalada limeliwa na mchwa, usiifungue na usiwape watoto. Ilete Tseikuru kwa fundi wa simu, chini ya mwarobaini. Atainakili bure, mzee amemwapisha. Na kama ni Sholay, kaseti ya pili, kijana wa boda atakufuata popote ulipo, mafuta ni yake.