Mjomba Ndani ya Fomu

Ukaazi wa kudumu, ambao wengi waishio ughaibuni huuita kwa jina la kadi yake, yaani kadi ya kijani, ni haki ya mgeni kuishi na kufanya kazi nchini Marekani bila kuwekewa ukomo wa muda, ingawa bado hajawa raia. Na katika njia zote ziendazo kwenye haki hiyo, njia ya ndoa ndiyo inayodhaniwa kuwa nyepesi kuliko zote, hasa na wale ambao hawajaipita. Safari yake huanza kwa Fomu I-130, ambayo hujazwa na yule aliyekwisha kufika, anayeitwa hapa mwombaji, kwa ajili ya mwenzake aliyebaki nyumbani, anayeitwa mnufaika. Mwombaji akiwa raia, mwenzake hahesabiwi katika viza zenye idadi maalumu kwa mwaka. Akiwa na kadi ya kijani tu, mwenzake huingia katika foleni ambayo husogea mbele, na mara nyingine hurudi nyuma, kwa mujibu wa taarifa itolewayo kila mwezi. Kwa hali zote mbili, sheria huitazama ndoa kuwa ni jambo la watu wawili, mmoja wa ng'ambo hii na mmoja wa ng'ambo ile, na makala haya yanachunguza jinsi fomu inayoanza kwa kuwatoa jamaa nje inavyoishia kuwabishia hodi usiku, hasa pale mwombaji anapokuwa na kazi ya saa chache.

Mfano utakaotumika ni wa mume aliyekwisha pata uraia na kuishi Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi na baridi nyingi zaidi, na mke aliyeko Kisauni, Mombasa, ambao walifunga ndoa mbele ya jamaa, majirani na watu wengine wengi ambao hadi leo haijulikani walialikwa na nani. Kwa watu wa pwani, wingi huo wa mashahidi ni ithibati tosha kwamba ndoa ipo. Fomu, kinyume chake, haikualikwa harusini, kwa hiyo haikuona kitu, na hutaka ielezwe kila jambo upya tangu mwanzo, kwa herufi kubwa na bila kutoka nje ya visanduku.

Tatizo la kwanza ni anwani. Fomu nyingine iitwayo I-130A, inayohusu mnufaika aliye mke au mume, hutaka mahali pote alipoishi katika miaka mitano iliyopita, pamoja na namba ya nyumba, jina la barabara, na tarehe za kuhamia na kuhama. Nyumba ya Kisauni haina namba wala barabara yenye jina, ila haijapata kumpoteza mgeni hata mmoja, kwa kuwa wote huelekezwa wapite nyuma ya msikiti, kisha washike mkono wa kushoto wakishampita mama muuza mbaazi na mahamri. Maelezo hayo yalipoandikwa katika kisanduku cha anwani, iligundulika kwamba muuza mbaazi mwenyewe alihamia upande wa pili wa njia katika mwaka wa tatu, hivi kwamba, kwa kuzifuata kanuni za fomu kikamilifu, mke alikuwa amehama nyumba bila ya kuinuka kitini.

Tatizo la pili ni ushahidi wa mapenzi. Maofisa wa uhamiaji hutakiwa kutofautisha ndoa ya kweli na ile iitwayo ndoa ya makaratasi, yaani ndoa inayofungwa kwa ajili ya kupata kibali tu, na ili kuwasaidia, waombaji huambatanisha picha, risiti za pesa zilizotumwa kwa simu, tiketi za safari na mazungumzo ya maandishi. Katika picha za harusi yenyewe, bwana na bibi harusi walionekana wametenganishwa na shangazi wanne, hawakuangaliana hata mara moja, na nyuso zao zilikuwa na huzuni ya watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, kwa sababu bibi harusi wa pwani akicheka siku hiyo husemwa mwaka mzima kuwa hana haya. Kile ambacho nyumbani ni adabu, mezani kwa ofisa chaweza kusomeka kama ishara ya watu waliokutana asubuhi ileile.

Picha moja ilizidi nyingine zote kwa kuleta maswali. Chini yake shemeji mmoja mwenye bidii aliandika kwamba anayeonekana ni baba wa bibi harusi akifurahia pilau, ilhali katika fomu, kwenye sehemu ya wazazi, ilikuwa imekwisha andikwa kwamba baba wa bibi harusi alifariki dunia miaka mingi kabla. Kwa msomaji wa Kiswahili hapana utata wowote: aliyefariki ni baba mzazi, na aliyekuwa akila ni baba mdogo, yaani ndugu wa kiume wa marehemu, aliyemlea binti huyo na kusimama kuwa walii wake, ambaye ndiye msimamizi wa mwanamke katika kufunga nikahi. Kwa msomaji mwingine, hata hivyo, ilikuwa ni picha ya marehemu akiongeza nyama, na barua ya kuieleza ilikuwa ndefu kuliko hutuba ya ndoa yenyewe.

Tatizo la tatu, ambalo wataalamu wa lugha wangelifurahia kuliko wanandoa, ni la tafsiri. Kila hati isiyo ya Kiingereza huambatanishwa na tafsiri kamili, pamoja na tamko la mtafsiri kwamba ameitafsiri kwa ukamilifu na usahihi, na kwamba anaziweza lugha zote mbili. Mtafsiri wa mazungumzo ya wanandoa hawa aliziweza kweli lugha zote mbili, ila aliisahau saa. Mume, ambaye zamu yake ya jioni katika nyumba ya kulelea wazee ilikwisha saa sita usiku, alikuwa akimpigia mkewe simu saa saba, wakati ambapo Mombasa, iliyo mbele kwa saa nane katika majira ya joto, ni saa tatu asubuhi, na mke kila siku alimwandikia kwa upendo, "Nipigie saa tatu asubuhi kama kawaida." Mtafsiri aliiacha tatu ikawa tatu. Kwa kuwa saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na ile ya Kiingereza huanza usiku wa manane, ujumbe ulisomeka kwamba mke alitaka kupigiwa saa tisa za usiku, wakati orodha ya simu ilionyesha kwamba mume alipiga saa sita baadaye, siku baada ya siku, bila hata kuomba radhi. Jalada zima, ambalo lilikusanywa ili kuthibitisha mapenzi, lilithibitisha kwa hati na tarehe kwamba mwanamke mvumilivu ameolewa na mwanamume asiyejali.

Yote hayo yalirekebishika kwa barua na subira. Lisilorekebishika kwa barua ni hesabu ya fedha, na hapa ndipo kazi ya nusu muda inapoingia. Kwa istilahi hiyo hukusudiwa kazi ambayo mtu hupangiwa sehemu tu ya saa za juma, mara nyingi bila marupurupu yanayoandamana na kazi kamili, na ambayo jamaa walioko nyumbani hawaiamini kabisa kuwa ipo, kwa sababu katika fikra zao mtu aliyeko Marekani hubeba maboksi mchana na usiku, na kama ana nafasi ya kupumzika basi ana nafasi ya kutuma. Mume wa mfano huu alikuwa akifanya kazi saa 25 kwa juma kwa dola 15 kwa saa, ambazo kwa majuma 52 ni dola 19,500 kwa mwaka. Huko Kisauni kiasi hicho, kikishabadilishwa kuwa shilingi, kilimfanya mume aheshimiwe kama waziri. Katika Fomu I-864, ambayo ni hati ya udhamini inayotiwa saini na mwombaji kwamba atamtunza mwenzake ili asiwe mzigo kwa serikali, kiasi hichohicho kilimweka chini ya mstari.

Mstari huo huwekwa katika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kuu kila mwaka. Kwa mwaka 2024, kiwango cha kaya ya watu wawili katika majimbo mengi kilikuwa dola 20,440, hivyo mdhamini alitakiwa awe na dola 25,550, na mume wetu akapungukiwa na dola 6,050. Sheria, ambayo si katili kama isemwavyo, humruhusu mdhamini kuliziba pengo kwa mali iwezayo kugeuzwa fedha taslimu katika muda wa mwaka mmoja, lakini kwa mke wa raia mali hiyo hutakiwa ifikie mara tatu ya pengo lenyewe, yaani dola 18,150. Mume alikumbuka kwamba anayo mali: fungu lake katika shamba la minazi huko Kwale. Shamba hilo, hata hivyo, ni mirathi ambayo haijagawanywa tangu babu alipofariki, warithi wake huongezeka kila mwaka kwa kuzaliwa, na mara ya mwisho lilipotajwa neno "kuuza" mbele yao, kikao kilivunjika na nazi zikatumika kwa matumizi yasiyo ya mapishi.

Ikabaki njia moja tu, ambayo ni mdhamini mwenza. Huyu ni mtu mwingine, raia au mwenye kadi ya kijani, mtu mzima na mkaazi wa Marekani, ambaye kipato chake peke yake chatosha kuuvuka mstari, na ambaye hutia saini udhamini wake mwenyewe na kuambatanisha rekodi ya kodi aliyolipa. Sheria haimtaki awe jamaa. Lakini ni nani, asiyekuwa jamaa, atakayekubali kumwonyesha kijana mapato yake? Fomu, iliyokuwa imewakataa shangazi, baba wadogo na marehemu walao pilau, iligeuka sasa na kuuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama hapana mtu wa ukoo huko karibu. Alikuwapo: mjomba, ndugu wa mama, mwendesha malori makubwa, mkaazi wa Minnesota hiyohiyo kwa miaka ishirini, ambaye mchango wake wa harusi ulikuwa mbuzi mmoja mwembamba ulioandamana na maelezo marefu kuhusu ugumu wa maisha.

"Shikamoo, mjomba," mume alianza katika simu.

"Marahaba, mwanangu. Hali huku ngumu sana."

"Siombi pesa, mjomba. Naomba saini."

"Saini peke yake?"

"Na rekodi ya kodi ya mwaka jana."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na ndani yake ilisikika injini ya lori ikizimwa. Bahasha ilifika baada ya juma moja, imezungushiwa utepe wa gundi kana kwamba imebeba samaki. Ndani yake, katika safu ya jumla ya mapato, palikuwa na kiasi ambacho kingewavusha mstari ule wanandoa hawa na kaya nyingine mbili. Mpwa alikitazama kiasi hicho, akamkumbuka mbuzi, akafunga bahasha. Upo udhamini wa aina nyingine ambao haumo katika sheria ya uhamiaji, nao ni ule wa mpwa kuijua siri ya mjomba wake na kuendelea kumwamkia kama jana.

Hatua zilizobaki zaweza kupitwa haraka: cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa, na safari ya kwenda Nairobi kwa mahojiano ubalozini. Ofisa alipouliza jina la mume, mke aliinamisha macho, kwani alilelewa kutomtaja mume kwa jina mbele ya watu wazima, na akajibu kwa sauti ya chini, "Mwenyewe." Alipoulizwa aliyetia saini udhamini wa pili ni nani, alimtaja mjomba kwa jina lake, la baba yake, la babu yake na la kijiji walikotoka, pasipo kuvuta pumzi. Viza ilitolewa, na kwa kuwa ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili siku ya kuingia, ukaazi wake ulikuwa wa masharti, yaani kadi ya miaka miwili ambayo wanandoa huomba kwa pamoja iondolewe masharti ndani ya siku 90 za mwisho wake.

Jambo ambalo mjomba alilisoma baada ya kusaini, kama ilivyo desturi ya watia saini wote, ni muda wa udhamini wenyewe. Hauishi kwa miaka miwili. Huisha mdhaminiwa akiwa raia, au akitimiziwa robo arobaini za kazi, na robo hizo, zikihesabiwa nne kwa mwaka, ni kama miaka kumi. Au akiondoka nchini kabisa, au akifariki. Talaka haiuvunji. Katika sheria ya nikahi, mume aliyemwacha mkewe hubaki na wajibu wa matunzo hadi mwisho wa eda, ambayo ni kipindi cha kungoja cha mwanamke aliyeachwa, kisha kila mmoja akashika njia yake. Lakini mbele ya Fomu I-864 hata talaka tatu hazimfungui mdhamini, wala mdhamini mwenza. Ilidhihirika kwamba mume angeweza kutoka katika ndoa hii, ila mjomba asingeweza.

Siku ya kuwasili, mume alikuwa kazini, kwa maana kazi ya saa chache huwa na tabia ya kuzileta saa zake siku ambayo hazitakiwi. Aliyesimama uwanja wa ndege wa Minneapolis akiwa na koti zito mkononi alikuwa mjomba. Mke alimwamkia kwa adabu zote. Mjomba akaitikia, akamvisha koti, akachukua sanduku, na kabla hawajaufikia mlango akamuuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha anza kuhesabu robo, ni kazi gani anayoipenda na kama angeweza kuanza Jumatatu.